Choo cha Baba Mkwe

Siku ya tatu baada ya kumzika baba mkwe, wifi yangu Debora alinikuta nyuma ya nyumba nimemshika mkono mwanangu Salome, namtafutia mtoto pa kujisaidia. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, "Mpeleke ndani tu, wifi. Na wewe mwenyewe tumia. Mzee si hayupo tena." Kisha akarudi kwa wanawake wenzake kuchambua mchele wa msiba. Aliona amenitendea wema. Mimi nikabaki pale. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, kumbe alitakiwa afe mtu mmoja tu. Angekubali neno moja dogo alipokuwa hai, leo ningekuwa na binti anayesoma shule ya msingi, na huyo ndiye angekuwa amemshika mdogo wake mkono. Nilimkojoza Salome kwenye mabua makavu ya mahindi, nikakaa juu ya tofali, na mwaka ule wote ukanirudia kama tapishi.

Mwaka ule nilikuwa nimeolewa karibuni, kidato cha nne nimekimaliza juzi, tumbo limeshajaa. Mume wangu Yohana alikuwa kibarua wa ujenzi Manyoni mjini, akaniacha kwa wazazi wake huku Kilimatinde ili nisijifungue peke yangu. Nyumba ya mzee ni ya zamani, waliijenga wazungu wa misheni: kuta nene za mawe, madirisha madogo, sakafu nyekundu ambayo nilikuwa naipiga deki kila asubuhi kwa magoti. Chini ya baraza ya mbele walichimba tangi la maji ya mvua, limefunikwa kwa zege na mfuniko wa chuma, na maji yake tulikuwa tunachota kwa ndoo ya kamba. Ndiyo maji tuliyokunywa. Mji mzima ulikuwa unalalamika shida ya maji, sisi tunajisifu kwamba tangi letu halikauki. Na ndani kabisa, mwisho wa korido, kulikuwa na choo cha kukaa chenye tangi dogo la chuma juu ukutani na mnyororo wa kuvuta. Mnyororo ukivutwa nyumba nzima inasikia. Mimi mlango wa choo kile sikuwahi kuugusa hata kwa ncha ya kidole, kwa sababu kilikuwa choo cha baba mkwe.

Kwetu, na najua si kwetu peke yetu, mkamwana hachangii choo na baba mkwe wake. Wala simwiti jina, wala sikai kiti alichokalia. Nikikutana naye njiani natoka pembeni napiga goti, "Shikamoo baba," naye anajibu akiangalia kwingine. Hiyo ndiyo heshima, na sina ugomvi na heshima. Nilikuwa natumia choo cha shimo kule nyuma, cha miti na udongo, nikaridhika. Ila masika yalipokolea, mvua ikanyesha usiku kucha, na kulipokucha choo cha shimo kilikuwa kimedidimia chote, paa limelala juu ya tope kama kofia ya mlevi. Mama mkwe akahamia choo cha ndani, ni cha mumewe. Debora naye, ni binti wa nyumba. Nikabaki mimi na tumbo langu.

Nilikwenda kwa Mama Chausiku, jirani yetu ng'ambo ya korongo. Ukiwa na mimba kubwa haja haikusubiri ujipange. Nilikuwa nateremka korongoni nimeshika mti hadi mti, mvua mgongoni, mguu mmoja unateleza, mkono mmoja chini ya tumbo. Mama Chausiku alikuwa mwanamke wa maneno. Akiniona tu anaanza, "Karibu mgeni wa serikali. Kwenu nyumba ya mawe, choo kwa Waswahili." Halafu anaacha utani, ananiwekea kopo la maji ya vuguvugu mlangoni. "Siku utamzaa huyo mtoto humu korongoni, na jina tutampa Korongo. Waambie hao wakwe zako." Niwaambie vipi? Kwa mdomo upi? Nilimwambia Yohana kwenye simu. Akasema, "Vumilia kidogo, mambo ya wazee hayo." Nilikata simu. Alikuwa anaongea akitafuna kitu, na hilo sijamsahaulia.

Ikasaidia jambo moja: choo cha mzee nacho kikapasuka. Sinki lilipata ufa kuanzia ukingoni hadi chini, maji yakawa yanavuja koridoni, harufu inaingia mpaka sebuleni. Mzee akaita kikao. Yohana alipanda basi akaja, mjomba wake akaja, fundi mmoja aitwaye Sempa akaletwa atazame. Wanaume walikaa sebuleni, mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, ukuta mmoja katikati. Nilikuwa nasonga ugali wa uwele na mama anachemsha mlenda, na sote tulikuwa tumenyamaza kwa namna ile ya watu wanaosikiliza. Nikamsikia Yohana anajikakamua, "Baba, kwa kuwa fundi yupo, aweke na kingine cha huyu, kule nyuma. Hali yake mnaiona." Mzee akasema hilo hakulikataa, hata yeye alikuwa analifikiria. Fundi Sempa akasema ni kazi ndogo: bomba kuu la nyumba linapita nyuma kwenda karo, shimo la maji machafu, atalitoboa, ataunga cha mkamwana humo humo.

Halafu sauti ya mzee, taratibu, "Humo humo kwenye bomba langu?"

"Ndiyo mzee. Bomba ni moja, karo ni moja."

"Yaani choo changu na choo cha mkamwana vikutane njiani."

Mjomba akacheka. "Shemeji, chini ya ardhi nani anaona?"

"Mimi najua," mzee akasema. "Inatosha."

"Bomba halijui ukwe, mzee wangu," fundi akasema, na wote wakacheka isipokuwa mwenyewe.

"Bomba halijui. Mimi najua. Tafuta njia nyingine au uache."

Jikoni nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakoroga mlenda, macho kwenye sufuria. "Songa, utaungua," akaniambia.

Kazi ilichukua siku kadhaa na niliiona yote, maana mkaa na maji ya kazi yalikuwa juu yangu. Fundi Sempa alikuwa mcheshi, mwenye kujiamini, anaimba kwaya huku anagonga. Sinki la zamani lilikataa kutoka, misumari yake ilikuwa imeungana na kutu, akalipiga nyundo likatoka vipande. Vile vipande mzee aliamuru vifukiwe mbali, kwa kuwa alikuwa amevikalia. Chini yake ukabaki mdomo wa bomba la chuma, mnene kama paja, umekula kutu pembeni, wameuziba kwa gunia harufu isipande. Sinki jipya lilikuwa jeupe, zuri, watu walipita kulitazama koridoni kama maiti ya mtu mkubwa. Ila halikukubaliana na bomba lile. La zamani lilikuwa linatolea chini, hili jipya linatolea nyuma, na hata midomo haikulingana. Sempa akaomba jiko la mkaa. Nikamkokea. Akashika kipande cha bomba la plastiki, akawa analizungusha juu ya mkaa hadi likalainika kama mhogo wa kuchemsha, akalivisha juu ya chuma likiwa la moto, akalizungushia mpira wa baiskeli na simenti. "Hapa hata tembo akae," akasema. Na kweli, choo kile cha mzee hakijavuja hata tone mpaka leo. Hilo nalo linaniuma.

Ikaja zamu yangu. Nyuma ya nyumba, alipokuwa anachimba kutafuta pa kuelekeza maji ya choo changu, jembe likagonga bomba la udongo wa kuchoma. La zamani, limelala chini ya ukuta likielekea chini ya nyumba, mdomo umejaa mchanga na majani. Sempa akauzibua kwa mti, akaomba ndoo ya maji, akaimimina. Maji yakaenda. Hayakurudi, hayakutoa hata sauti. Akamimina nyingine. "Linameza," akaita. "Mzee, njoo uone mali. Hawa wazungu walikuwa na karo lingine, limekaa bure. Mkamwana kapata lake peke yake." Mzee akaja, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Yohana akafurahi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli cha karanga. Namkumbuka vizuri, kwa sababu aliacha kuchambua. Akafungua mdomo, akautazama mgongo wa mumewe, akaufunga. Nilidhani anataka kuwakaribisha chakula.

Wakanijengea kijumba cha matofali, wakaweka sinki la kuchuchumaa, wakaliunga kwenye bomba lile. Niliingia humo mara ya kwanza nikalia kwa raha. Watu mnaozaliwa mkavikuta vyoo hamtaelewa. Mlango unafungwa kwa komeo. Hakuna korongo, hakuna mvua mgongoni. Nilikaa hata baada ya haja kuisha, nasikiliza maji yakienda.

Rehema alizaliwa mvua zinaisha. Alikuwa mtoto wa mashavu, nywele zimefunika paji la uso, akinyonya anakunja ngumi kama mtu anayebishana. Watu wakaacha kuniita mkamwana, wakaniita Mama Rehema, na hata mzee akiwa barazani alikuwa anasema, "Mwambieni Mama Rehema mtoto analia." Nililipenda jina lile kuliko langu. Msimu ule tulivuna alizeti nyingi. Jioni tulikaa tunapiga masuke, Debora anasimulia mambo ya vijana wa minadani, mama anacheka hadi anafuta machozi, mtoto katikati kwenye mkeka. Siwezi kusema hawakunipenda. Walinipenda. Ndiyo maana nina hasira.

Jua lilipokuwa kali mama mkwe alikuwa anampa mtoto maji kwa kijiko. "Kiu inamuua mjukuu wangu," anasema. Kliniki walikuwa wametukataza, nikamwambia, akanijibu kwamba yeye amelea watoto wote hao na mimi najua kusoma tu. Wa kwanza kuumwa alikuwa mzee. Homa, tumbo, anakwenda kwenye choo chake kipya na kurudi, kwenda na kurudi, maji yanavutwa hadi tukazoea. Akafuata Debora, nikafuata mimi. Sisi tulikwenda zahanati tukapewa dawa, tukapona, tukaumwa tena. Walituambia tuchemshe maji. Nikaanza kuchemsha, mzee akasema maji ya mvua yakichemshwa yana ladha ya masizi, yeye hayanywi. Chungu cha maji cha baraza kikaendelea kujazwa kutoka tangini kama kawaida, na kijiko cha mtoto kilikuwa kinachovywa humo.

Rehema aliharisha. Utosi ukabonyea, macho yakazama, ngumi zikafunguka. Nilimbeba kwenda hospitali kwa bodaboda, nimemfunga kifuani, nikihesabu pumzi zake kwa ngozi yangu. Wauguzi walihangaika kutafuta mshipa. Kufikia asubuhi nilirudi naye nimemfunika kanga ile ile. Zaidi ya hapo sitaandika.

Kabla udongo haujakauka, kikao kikakaa. Safari hii niliitwa, nikakaa chini mlangoni. Debora alisema aliwahi kuona unyayo wa maji koridoni, karibu na choo cha baba, unyayo mdogo. Hakusema ni wa nani, aliangalia tu miguu yangu. Mjomba akasema ndiyo maana mzee wa nyumba aliumwa wa kwanza, ndiyo maana kitovu cha nyumba kimeharibika. Mkamwana amekalia pasipokaliwa. Nikasema sikuingia. Nikasema tena. Yohana alikuwa amekaa na wanaume, anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Mzee hakunisemesha moja kwa moja, heshima ilikuwepo hata siku ile. Alimwambia mama, "Mwambie asafishe alichochafua." Baba yangu akatumiwa ujumbe, akaja na kondoo kutoka Ihanja, mzee wa watu, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikutendeka. Kondoo akachinjwa, nikapakwa utumbo miguuni mbele ya watu waliokuwa wamekunywa maji ya tangi muda si mrefu. Wale wale asubuhi yake walikuwa kanisani. Na kuanzia siku ile nikarudi kuwa mkamwana. Mama Rehema hakutajwa tena.

Kilichonifumbua macho ni uhaba wa maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza, kila mtu analia visima vimekauka, na mimi nachota tangini naona maji yameshuka, ila yana ute na harufu ambayo nilikuwa naijua. Harufu ya kijumba changu. Nilisimama na ndoo mkononi. Nikakumbuka Sempa: linameza. Nikajiuliza, linamezea wapi? Nikaenda stoo, nikachukua maganda ya alizeti beseni zima, yale meusi yenye mistari myeupe, nikayamwaga kwenye sinki langu, nikayafuatishia maji ndoo kwa ndoo. Kisha nikazunguka mbele, nikavuta mfuniko wa chuma, nikashusha ndoo. Ilipopanda, maganda yalikuwa yanaelea juu kama inzi.

Bomba lile lilikuwa la mvua. Zamani paa la upande wa nyuma lilikuwa na mifereji, wazungu walikuwa wanakinga maji na kuyapitisha chini ya nyumba hadi tangini. Mifereji ilioza, ikang'oka, bomba likasahauliwa. Baba mkwe alikataa choo chake na changu visikutane kwenye bomba, basi vyangu akavinywa. Akavinywa na mke wake, na binti yake, na mjukuu wake kwa kijiko.

Niliibeba ile ndoo hadi baraza, nikaiweka mbele ya miguu yake. Sikupiga goti. Ndiyo mara pekee nilimsemesha uso kwa uso. "Baba, haya nimeyamwaga chooni kwangu sasa hivi." Aliangalia maganda kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa umeshika kikombe. Akakiweka chini, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango wa chumba. Kesho yake vibarua wawili walikuja wakajaza tangi kwa mawe na kifusi. Watu wakiuliza wanaambiwa maji yalichacha. Kijumba changu kikabomolewa. Kondoo hakurudishwa, kauli haikurudishwa, na Yohana akaniambia, "Tumeshajua, yaishe." Tulihamia Manyoni kwenye chumba cha kupanga, tukazaa Salome, na kila tulipokuja kusalimia nilikuwa navuka korongo.

Sasa mzee amekufa na wamemsomea wasifu kaburini kwamba alikuwa mtu wa maendeleo, wa kwanza mtaani kuweka choo cha kisasa. Nilikuwa nimesimama na wanawake, nikang'ata ulimi. Kwenye orodha ya wajukuu wake, Rehema hakuhesabiwa.

Jioni ya siku ile Debora aliponigawia ruhusa, mama mkwe aliniita. Miguu imemvimba, hawezi kutembea bila kushikwa. "Mkamwana, nipeleke msalani." Nikamwinua, nikamtembeza korido yote, na kwa mara ya kwanza maishani nikafungua mlango ule. Nilimkalisha. Sinki bado jeupe. Nikageuza uso ukutani kumsitiri, nikasikia anasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anaulizia chumvi, "Nililijua lile bomba."

Sikugeuka.

"Nilipoletwa hapa mwali, mifereji bado ilikuwepo. Mvua ikinyesha, lilikuwa linanguruma chini ya kitanda. Sempa alipolizibua, nikalijua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme habari za choo mbele ya wanaume, na baba yenu kashatikisa kichwa? Nikasema moyoni, mafundi wanajua. Halafu mtoto akaumwa. Halafu akafa. Halafu wakakukamata wewe." Akavuta kitenge chake magotini. "Ningesema lini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na majibu tangu kikao cha kondoo. Nilichofanya ni kuvuta maji, nikamwinua, nikamfunga kitenge chake vizuri, nikamshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyomshika mwanzo, nikamtoa hadi uani. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, Debora anagawa chai, mjomba na wanaume kwenye viti upande wa pili. Nikamsimamisha katikati. "Mama ana neno," nikasema. Alinitazama kwa macho ya kuomba. Sikumwachia mkono na sikumwachia akae.

Akasema. Sauti ilikuwa ndogo, mwanzoni waliokuwa nyuma waliuliza anasemaje. Akasema huyu hakuingia choo cha baba yenu. Akasema mtoto aliuawa na maji, na bomba yeye alilijua. Kisha akasema jina, Rehema, mara moja, nikamkalisha. Mjomba alikohoa. Mtu mmoja kwenye viti akasema haya si ya msibani. Hakuna aliyenitazama. Debora alibaki na birika mkononi, chai inamwagika kwenye sinia.

Nikamchukua Salome, nikachukua kopo.

"Unakwenda wapi saa hizi?" Debora akaniuliza, na safari hii sauti ilikuwa ya chini.

"Chooni," nikamwambia. "Kwa Mama Chausiku."